Hewa ya Kutembea Chini

Mama Kavira amefariki. Habari iliingia katika simu nikiwa nafungua duka langu la dawa hapa Butembo, na kabla sijamaliza kuisoma nikasikia harufu ya javeli, ile dawa ya kusafishia sakafu, puani, kali, mpaka machozi yakanitoka. Siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amepangusa sakafu. Nilikaa kwenye ngazi ya duka, mteja akaniuliza, "Mama, uko mugonjwa?" Nikamwambia hapana, nimefiwa na mtu wangu wa Beni. Maiti ilikuwa njiani, inaletwa kuzikwa kwao huku Butembo, na kilio kingekuwa kesho yake. Miaka zaidi ya ishirini sikuwa nimemwona yule mama wala binti yake, na haikuwa kwa ugomvi. Nilifunga duka mapema. Nikala viazi vya jana bila chumvi, nikawa naukumbuka ule mwaka mzima, chumba kwa chumba, sahani kwa sahani. Habari za kuzaliwa kwangu na za wazazi wangu wacha nizipite, ni za shamba na misa kama za watu wengi wa Lubero. Mimi aliyenizaa mara ya pili ni ule mwaka wa Beni.

Nilikuwa nimepata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, sehemu ya kemia na biolojia, na sikuwa na kazi. Profesa Kasereka alikuwa akifundisha kemia kwenye shule moja upande wa Mavivi, na alitafuta mtu wa kumsaidia kazi za mikono katika labo, maabara ya shule. Nilifika kwake na sanduku moja na kifurushi cha viazi, heshima ya mgeni. Mke wake akapokea viazi, akanitazama toka miguu mpaka kichwa, akasema, "Mwembamba hivi, utabeba nini?" Halafu akanipa sahani ya obundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo iliyokuwa inameremeta mawese, akasimama mpaka nimalize yote. Binti yao, Kavira, alikuwa wa rika langu, tukalala chumba kimoja. Aliimba kwaya ya parokia. Akifua nguo nyuma ya nyumba, watu wa barabarani walisimama kumsikiliza, na yeye hajui. Usiku wa kwanza aliniuliza kama ninakoroma, nikasema sijui, akasema, "Kama hujui, njo kusema unakoroma."

Labo yenyewe ilikuwa imehamia nyumbani. Askari walikuwa wamelala katika madarasa ya shule na walikuwa wamechoma madawati kupikia, kwa hiyo Prof alikuwa amebeba kila kitu kwa toroli, safari baada ya safari, mpaka sebule yake ikajaa. Katikati ya sebule lilisimama kabati la mbao za libuyu, lenye vijumba vidogo vingi. Dunia yote, aliniambia, imejengwa kwa vitu vichache kuliko watu wanavyofikiri, na kila kimoja kinaitwa elementi: chuma, shaba, kiberiti, dhahabu. Alitaka kila elementi anayoweza kuipata ikae katika kijumba chake. "Mutoto wa Beni anasomaka kemia sawa vile anasoma katekisimu," alisema. "Anaamini, mais hajaona. Miye nataka aone." Vitu vigumu havikutusumbua. Punje ya dhahabu ililetwa na mtu wa Kasugho, imefungwa ndani ya karatasi ya pipi ya bonboni. Kaboni ilikuwa kipande cha makaa ya jiko la Mama Kavira. Shida ilikuwa gazi, vitu vya namna ya hewa.

Unaonyeshaje hewa? Prof aliifunga ndani ya vichupa vya kioo, vyembamba kama kidole, akaviandika majina: oksijeni, azoti, hidrojeni. Ukivitazama, ni vitupu. Unajua kuna kitu ndani, umeshuhudia kikiingia, na jicho lako linakataa. Nilizoea kuvipangusa vumbi asubuhi, na nakiri nilikuwa nikishika pumzi, sijui kwa nini. Habari zilitoka nje, maana Beni haina siri. Siku moja nikiwa chooni nilisikia jirani wawili wakiongea ng'ambo ya ukuta wa mianzi. "Kwa Prof banafungaka pumzi ya bafu mu bichupa." "Yee! Ya batu benye balikufa?" "Mutu akikata roho ku hopitali, yeye anapita na chupa. Nakuambia." Toka hapo watu walitusalimia kwa mbali. Kavira alicheka mpaka akaanguka kitandani. Mimi sikucheka.

Kisha alikuja mama mmoja wa Oicha, mchana, jua likiwa kali. Alivua viatu mlangoni kama anaingia kanisani. Hakukaa. Alimwuliza Prof kama mtoto wake yumo. Alisema jina la mtoto, na ugonjwa, na siku aliyokata roho. Prof alikuwa mtu wa hasira ya karibu kwa mambo ya namna hiyo, nami nilingoja amfukuze. Hakumfukuza. Alifungua kabati, akatoa kichupa cha oksijeni, akakiweka mkononi mwake. "Hii ni hewa tu, mama. Hewa ya batu bote." Yule mama akakipeleka sikioni, akasikiliza muda mrefu, sisi wote tumesimama. Akasema, "Basi na yake imo." Akakirudisha taratibu, akavaa viatu, akaenda. Prof alikaa na kile kichupa mkononi mpaka chai yake ikapoa, na siku ile hatukufanya kazi tena.

Gazi ya kuogopa ilikuwa klori, ile yenye harufu ya javeli. Namna Prof alivyoitoa sitaandika hapa, asije kijana akajaribu jikoni kwa mama yake. Nitasema tu namna alivyoiheshimu. Hakuitengeneza ndani ya nyumba hata mara moja. Kazi ilifanyika nyuma, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, na kabla ya kuanza alitundika unyoya wa kuku kwenye uzi, akakaa kuutazama. Unyoya usipoelekea kwenye migomba, kusiko na watu, hakuna kazi, tunarudi ndani kuchambua maharagi. Hatukuigusa mtu akiwa peke yake: mmoja anashika, mwingine anaangalia, na mwenye kuangalia hagusi kitu. Tulivaa miwani ya madereva wa pikipiki. Vichupa alivivuta mwenyewe toka neli za kioo kwa shalimo, ule moto mkali wa kuchomelea, na kwa sababu kioo kikipoa haraka kinaweza kupasuka kesho yake bila kuguswa, alivizika kwanza ndani ya jivu la moto, katika jiko la mke wake, maharagi yakishaiva. "Miye napika juu ya bile bichupa," Mama Kavira alilalamika, "utasema niko na makaburi mu jiko!" Vikitoka jivuni asubuhi ndipo vinajazwa, kidogo tu, na shingo inafungwa kwa moto. Halafu kila kimoja kinalazwa ndani ya kopo la maziwa lililojaa chokaa kavu, maana klori ikitoka, chokaa inaimeza. "Gazi iko sawa mufungwa," Prof alisema. "Hapana mufunga na mulango moja tu."

Na kila siku ya kazi ilibidi nimjibu somo kwa sauti, kama mtoto wa komunyo ya kwanza. "Masika, klori inatembeaka namna gani?" "Inatembea chini, Prof." "Sababu ya nini?" "Sababu iko muzito kupita hewa." "Ukisikia harufu yake?" "Nasimama. Napanda juu. Natoka." "Utainama?" "Hapana inama, Prof." Kavira, akipepeta mchele pale karibu, alituigiza sauti zetu zote mbili. Klori, tofauti na wenzake, ilikuwa na rangi: kijani hafifu, kama maji yaliyooshewa sombe mara ya tatu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko vile vichupa vitupu. Hii nyingine ilikubali kuonekana, na nilihisi kwamba basi na yenyewe inaniona.

Sasa nieleze magasin, kwa maana mambo yote yalitokea humo. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, ukuta wa matofali ya kuchoma, mnene mara mbili, hakuna dirisha, tundu moja tu karibu na dari. Mama Kavira aliweka humo magunia ya kakao aliyonunua Oicha, na kuku mmoja mweupe aliatamia mayai katika pembe. Lakini kazi kubwa ya chumba kile ilikuwa nyingine. Masasi ya bunduki yakilia, familia iliingia humo na kulala chini, uso kwenye sementi, kitenge kichwani. Mtoto wa Beni anajifunza kulala chini kabla hajajifunza kusema Baba Yetu. Mama akisema "Chini!" hakuna anayeuliza. Tangu nilipofika tulikuwa tumekwenda mle mara chache, kisha miezi ikapita kimya, watu wakaanza kukaa nje jioni na kucheka kwa sauti.

Katika kimya hicho Prof alipata wazo la kujaza vichupa vya klori kwa shule nyingine pia, za Oicha na za Butembo. Akatengeneza gazi nyingi kuliko siku zote, ndani ya chupa kubwa ya kioo yenye tumbo, akaifunga kwa kizibo na nta. Ila neli za kioo zilikuwa zimekwisha, nyingine zilikuwa zinakuja na ndege Mavivi. Ilibidi chupa ingoje. Usiku nikiwa kitandani niliwasikia wakiongea ng'ambo ya ukuta wa mbao. "Baba Kavira, ile chupa kubwa uliiweka wapi?" "Mu magasin." "Mu magasin yangu?" "Hamuna jua, hamuna moto, kuko kufuli. Njo nafasi ya salama mu nyumba yote." "Na masasi ikija, siye tutaingia wapi?" "Haitakuja, Mama Kavira. Mupaka kesho tu." Nilisikia akigeuka kitandani. Nami niligeuka, nikalala. Chupa ilihitaji chumba chenye giza na ukuta mnene, na sisi pia.

Kesho yake Prof alikwenda Mavivi kungojea ndege. Sisi watatu tulikuwa tunakula mchana, maharagi na lengalenga, Kavira anasimulia habari ya mwimbaji mwenzake aliyesahau wimbo mbele ya padri. Masasi yakalia karibu sana, upande wa barabara. Sahani zikabaki. Tuliingia magasin tukikimbia, Mama akafunga mlango, "Chini! Chini!", tukalala. Kavira alikuwa mbele, karibu na rafu. Nakumbuka harufu ya kakao na ya manyoya ya kuku. Mama alianza Salamu Maria. Mimi niliitazama ile chupa rafuni, mwanga wa tundu ukiigusa tumboni, ikiwa ya kijani na tulivu. Nikafungua mdomo niseme. Hapo bomu likaanguka mahali fulani jirani, ardhi ikaruka, na nikasikia kioo kikigonga sementi.

Ilikuja bila sauti. Katika ule mwanga mdogo niliona kitu cha kijani kikitandaa sakafuni, polepole, kama ukungu wetu wa Butembo asubuhi, kikapita chini ya rafu, kikafika kwenye kitenge cha Kavira, kikaingia. Nilisimama. "Simameni! Mama, Kavira, simameni!" Mkono wa Mama ukanishika kifundo cha mguu. Sijawahi kushikwa kwa nguvu namna ile. "Lala chini! Unataka kufa, Masika? Lala!" "Mama, ni gazi, iko chini, inatembea chini!" "Chini, nakuambia!" Masasi yaligonga mabati juu yetu, ti, ti, ti, na kila moja lilimpa yeye haki. Niliogopa. Niliogopa vyote viwili sawasawa, cha juu na cha chini, na magoti yangu yenyewe yalitaka kulala. Kavira akaanza kukohoa ndani ya kitenge na, Mungu wangu, kadiri alivyokohoa ndivyo alivyoubana uso sakafuni, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa: ukiogopa, nenda chini zaidi.

Nilimpiga Mama teke mkononi ili aniachie. Nikashika pumzi, nikamshika Kavira makwapani, nikavuta. Alipigana nami. Alishika mguu wa rafu, akaning'ata. Tulivutana pale, na kuku katika pembe hakulia hata kidogo, na kimya chake hicho ndicho ninachoota mpaka leo. Kisha gazi ikamfikia Mama. Alikohoa mara moja, akainua kichwa, akanitazama, na nikaona imani ikibadilika katika macho yake. Hakuuliza kitu. Alisimama, yule mama mzito, akamshika binti yake nywele na kanga, tukampandisha juu ya magunia ya kakao. Juu pale kulikuwa bado na hewa. Tulivuta kidogo. "Nje," nikasema. "Nje kuko masasi," akasema. "Nje, Mama." Akajifanyia msalaba, akafungua mlango.

Uani alitaka tena kulala, mwili wake ulikuwa umeanza kukunjika, lakini ua ule ulikuwa mteremko toka mlango wa magasin mpaka kisimani, na gazi ilitoka nyuma yetu ikivuka kizingiti, hafifu sasa, bado inaonekana. Kwa hiyo tulipanda upande wa juu, tukasimama. Wanawake watatu, migongo kwenye ukuta wa jiko, tumesimama wima masasi yanalia, Kavira katikati, tumemshika mikono kama tunamwozesha. Mtaa mzima ulikuwa umelala chini. Nilihisi sisi peke yetu ndio tuliobaki duniani. Pumzi ya Kavira ilifanya sauti ya mvukuto wa mfua chuma uliotoboka. Mama hakusali. Alisema tu, tena na tena, kwa sauti ndogo, "Simama, binti yangu. Simama."

Hospitali hawakuweza kumlaza. Akilala, mapafu yanajaa, anabadilika rangi, kwa hiyo mama yake alikaa nyuma yake kitandani, kifua kwenye mgongo, akamshikilia wima. Daktari alisema kama angebaki sakafuni kidogo tu zaidi, tusingemleta. Prof alifika kwa miguu toka Mavivi, boksi la neli za kioo kwapani, hakuna kilichovunjika. Alisimama mlangoni na boksi lake. Mke wake alimtazama juu ya bega la binti yao. "Baba Kavira. Mu nyumba yangu, ni miye ama bichupa." Prof alienda nyumbani siku ileile. Nilimsaidia, unyoya ukiwa umetundikwa kama kawaida. Tulimwaga chokaa mle ndani mpaka sakafu ikawa nyeupe, na katika pembe tulimkuta kuku amekaa juu ya mayai yake, macho wazi, mrembo kabisa, amekufa. Prof alipiga magoti pale akalia kwa sauti, naye alikuwa mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia. Vichupa vyote vya gazi alivimaliza yeye mwenyewe, kimoja kimoja, ndani ya chokaa. Hata kile cha oksijeni alikivunja.

Kavira alipona, ila sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono wenye mikwaruzo, na Jumapili alikaa nyuma kabisa kanisani. Baadaye walimpeleka Kampala kwa ndugu, kwa matibabu. Mwaka wangu ulipokwisha Mama Kavira alinifungia karanga na ndizi za safari, akanisindikiza mpaka barabarani. Pale akanishika uso kwa mikono miwili. "Masika, wasingya, aksanti. Uliniachia mutoto. Mais usirudi hapa. Nikikuona, nasikia ile harufu." Nilimwelewa, maana mimi pia nilipomtazama niliisikia. Nilikwenda bila kugeuka nyuma. Prof alipokufa miaka kadhaa baadaye, nilituma neno la pole, na sikwenda.

Kwa hiyo kesho yake, kwenye kilio, niliingia uani kama mwizi. Sanduku la maiti lilikuwa chini ya turubai, wamama wamekaa kwenye mikeka, katekista anaongoza sala. Kavira nilimtambua kabla hajageuka. Ana mvi, amenenepa, amefanana na mama yake mpaka inatisha. Alinipa mkono, akasema kwa mnong'ono wake, "Bado unakoroma?" nami nikalia. Akaniacha nilie, akarudi upande wake wa sanduku, maana watu walikuwa wengi wa kupokelewa.

Walikuwa wanaanza kuinua sanduku masasi yalipolia, upande wa chini wa mji. Sijui nani na nani. Uani pote watu walilala. Wabebaji waliliweka sanduku chini wakalala kando yake, wamama wakalala juu ya watoto, katekista akalala na kitabu chake. Ilikuwa haraka sana, na kimya. Mimi nilijikuta nimesimama. Nilitazama migongo ile yote, vitenge vyote vile chini, nikaona ng'ambo ya sanduku mtu mmoja mwingine amesimama. Kavira alikuja kwangu taratibu, akipitisha miguu katikati ya watu, akasimama kando yangu, bega kwa bega, akanishika mkono.

"Mama naye hakulalaka tena," aliniambia. "Toka ile siku. Niliporudi toka Kampala nilimukuta hivyo. Miaka yote ile mu Beni, masasi ikilia, anasimama ku ukuta, ananishika mukono sawa hivi. Baba alikuwa anamubembeleza alale, anakataa. Anasema, Masika alisema tusimame."

Masasi yalilia tena. Hakuna aliyeinua kichwa. Kavira alikuwa analitazama sanduku.

"Leo njo mara ya kwanza namuona amelala," akasema.